Fundi wa Joto wa Umbilo

Katika miaka yangu yote ya Durban nimemwona mtu mmoja tu aliyevaa koti zito mwezi wa Januari, wakati hata mbwa wa mji ule wanalala chini ya magari wakitafuta kivuli. Koti la sufu, rangi ya majivu, mifuko minne. Mfuko wa kwanza wa bisibisi, wa pili wa tochi, wa tatu wa biskuti, na wa nne wa kuwekea mikono tu. Na mtu huyo, usicheke, kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kupasha nyumba joto. Joto anawapa watu, mwenyewe anatetemeka. Ukimtania anakujibu kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Mupishi njo anajuaka njaa," yaani mpishi ndiye anayejua njaa.

Jina lake nalijua lakini nitaliacha lilale. Sote tulimwita Fundi, hata Wazulu, maana huku Afrika Kusini nao wanalo neno hilo hilo kwa mtu anayelijua jambo mpaka ndani. Kwao wapi, baba yake nani, hayo sikumwuliza. Mtu aliyekuja kwa miguu, kwa lori na kwa miguu tena, ukimwuliza habari za kwao unamrudisha njia yote ile. Na mimi shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Nikipotea njiani nisubiri, nitarudi.

Nilimjua kwa sababu ya mbwa. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba moja kubwa ya zamani pale Umbilo, mtaa wa mteremko, nashinda getini. Siku hiyo nikaona mtu wa koti amesimama nje na ngazi begani, haingii. Nikamwambia karibu. Akasema, "Funga kwanza ule munyama." Nikatazama huku na huku, munyama gani? Kumbe ni kambwa ka mwenye nyumba, kadogo kama kiatu cha mtoto, kenye kengele shingoni. Mtu aliyevuka nchi sijui ngapi, aliyepita kwenye bunduki, anaogopa mbwa mwenye kengele! Nikakashika. Akapita upande upande kama kaa, akasema, "Wakubwa siwaogopi. Mukubwa anakuona. Huyu mudogo anaona miguu tu." Tangu siku ile tukawa marafiki. Kila akija, kazi yangu ya kwanza kushika mbwa.

Sasa nikwambie alivyokuwa akifanya kazi, maana hapo ndipo mtu anapoonekana.

Akiitwa kwenye nyumba ambayo mashine inapuliza hewa baridi badala ya moto, Fundi hagusi kitu. Anaingia, anasalimia watu wote mmoja mmoja, mpaka aliyelala anaamshwa asalimiwe. Anaweka begi chini. Anasema washeni mashine. Halafu anakaa na kuomba chai. Mwenye nyumba amesimama, mikono kifuani, baridi inampuliza kisogoni, na fundi aliyemwita anachovya biskuti! Nimeona wengine wakipandwa na hasira mpaka wanatembea chumba kizima. Yeye hana habari. Dakika kumi kwa saa yake.

Nikamwuliza siku moja, Fundi, huu si uvivu? Akanieleza kwamba mashine nyingi za namna ile zikiwashwa huanza kwa kupuliza baridi, zinajikusanya, na joto linakuja baadaye. Watu hawana subira. Wanahisi baridi, wanazima. Wanawasha, wanazima. Kisha wanasema imekufa. "Nusu ya wagonjwa wangu," akasema, "wanaponaka na dakika kumi na chai."

Na usidhani alikuwa anakunywa tu. Macho yake yalikuwa yanazunguka. Anaona pazia lililofunika mdomo wa mashine, kabati lililosogezwa mbele yake, dirisha la nyuma lililoachwa wazi ili paka apite. Chai ikiisha anachomoa uzi mmoja kwenye koti lake, anaushika mbele ya mashine. Uzi ukicheza, upepo upo. Halafu anaweka shavu. Si mkono, shavu. "Mukono unazoea haraka," anasema. "Shavu haliwezake kukudanganya." Koti lile kwenye upindo lilikuwa limebaki kama ndevu za mbuzi kwa kuchomolewa nyuzi.

Baada ya shavu, swali. Daima lile lile: "Nani aligusaka mashine mara ya mwisho?"

Na jibu daima lile lile: "Hakuna."

Jamani, watu wanadanganya! Nilikuwa nikimsindikiza Jumamosi nyingine kumshikia ngazi, na mbwa wa watu, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu. Kuna bwana mmoja wa Glenwood aliapa kwa mama yake kwamba rimoti haijaguswa tangu mwaka jana. Fundi akamwomba asimame kidogo. Rimoti ikaanguka kutoka chini ya makalio yake. Alikuwa ameikalia akitazama mpira, na kila timu yake ikikosa goli anaruka, anakaa, anabonyeza. Ilikuwa kwenye alama ya theluji, ile ya kupoza. Fundi akabonyeza alama ya jua, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto aliyepotea.

Kule Pinetown nako mama mmoja alisema mashine yake inasafishwa kila mwezi. Fundi akafungua kifuniko, akavuta chujio, likatoka kama mkeka. Vumbi na manyoya, manyoya ya paka, mengi ya kushonea mto. Mama akasema, "Sisi hatufugi paka." Paka akaingia. Mweupe, mnene, akapita katikati yetu, akaruka, akakaa kwenye mapaja ya mama. Fundi alikwenda kuosha chujio bombani, nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa hamcheki mtu mbele ya uso wake. Anakwenda bombani.

Alinifundisha pia kitu ambacho sikukijua, wala wewe labda hukijui. Mimi nilidhani mashine inatengeneza joto, kama jiko. Akasema hapana. "Joto halifanywake, linabebwaka." Akaniambia ile mashine ina vipande viwili. Kimoja kiko ndani kinapuliza, na kingine ni sanduku la nje lenye feni, kule uani. Lile la nje ndilo mchukuzi. Linaokota joto kwenye hewa ya nje, linalibeba, linalileta ndani. Nikamwambia, Fundi, nje kuna baridi, joto gani la kuokota? Akasema, "Hata mu baridi ya Durban iko joto. Kidogo kidogo. Ni sawa na mutu muchoyo. Ukimutafuta vizuri iko kitu." Nilimsikia, nikatikisa kichwa, na sikuelewa hata robo. Hilo lilikuja kunitesa, subiri utaona.

Alikuwa na kasoro, tusimfanye malaika. Kwanza, kwenye drafti alikuwa anaiba kete mchana kweupe, na Jumapili ni shemasi wa kanisa. Ukimshika anasema kete imesogea yenyewe, upepo. Chumbani kwake Cato Manor alikuwa na hita mbovu miaka yote niliyomjua, imetundikwa kofia. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini yule hata kitana hakuwa nacho. Na kubwa kuliko yote, alijisifu. Ndani ya teksi, kwenye foleni ya mkate, kwenye saluni ya akina dada wa Kongo pale barabarani, utamsikia, "Tangu nifike Durban sijakosea mashine hata moja. Uliza!" Na kweli, ukiuliza, hakuna aliyejua kosa lake. Nikamwambia mara nyingi, Fundi, punguza, watu wanachoka. Akanijibu, "Unyenyekevu ni wa mutu mwenye makosa. Miye nitanyenyekea na nini?"

Basi sasa turudi kwenye ile nyumba ya Umbilo, maana kila kitu kilitokea pale.

Mwenye nyumba alikuwa nesi mstaafu, Mzulu, tukimwita Sista kama wanavyowaita manesi huku. Alikuwa analea wazee saba ambao watoto wao wako mbali au hawapo. Mchana kutwa wazee wanakaa sebuleni, na joto la sebule ile lilitoka kwenye mashine moja tu. Mimi nilikuwa mtu wa kila kitu: geti, bustani, sokoni, chai. Nilipewa chumba uani, na kitanda, na jiko langu. Kwa mtu wa umri wangu, mgeni kutoka Tanzania, hana cheti wala ndugu, chumba kile ndicho kilikuwa Durban yangu. Nikikikosa sina pengine pa kuweka kichwa.

Lakini nina ugonjwa mmoja. Napenda kutengeneza vitu ambavyo sikutumwa. Nilitengeneza choo cha juu, maji yakashuka ngazi. Nikatengeneza tangi la maji ya moto, wazee wakaoga baridi siku mbili. Nikatengeneza kengele ya mlangoni, ikalia tangu saa sita mpaka Sista alipoipiga na mchi. Siku hiyo akaniita jikoni. Hakupiga kelele. Alisema, mimi nakutafsiria, "Baba, wewe ni mtu mzuri. Lakini ukigusa tena kitu ambacho sikukutuma, siku hiyo hiyo unafunga mizigo. Nimesema." Na Sista akisema nimesema, amesema.

Mwezi wa Juni Fundi akaja kuiosha mashine kabla ya baridi. Akiwa uani anasugua lile sanduku la nje, akawa analalamika kama kawaida yake, "Huyu wa inje anateseka sana. Chumvi ya bahari inamukula, mvua inamupiga." Mimi nimesimama pale na kambwa mikononi, maneno yakaniingia moyoni. Baada ya wiki moja ikaja mvua ya upepo kutoka baharini. Nikachungulia dirishani kwangu, nikaona lile sanduku peke yake gizani mwa mvua, linalowa. Nikasema, na wewe ndiye unayetuletea joto! Nikatoka. Nikachukua blanketi kwenye rundo la nguo za kufuliwa, nikalizungushia vizuri, juu yake nikaweka turubai langu la zamani, nililokuwa nafungia mitumba nilipokuwa mfanyabiashara. Nikafunga kwa fundo la mitumba, lile ambalo hata wapagazi hawalifungui. Nikalala nimeridhika kama mtu aliyefunika yatima.

Wala sikuona kwamba nimevunja amri. Kugusa ni kufungua. Mimi nimefunika.

Julai baridi ikashuka. Sista akawasha mashine. Ikatoa kajoto, tukafurahi, kisha ikapuliza baridi. Ikawashwa tena, kajoto, baridi. Wazee wakaanza kuvaa kofia sebuleni. Kulikuwa na bibi mmoja tuliyemwita Gogo, ndiyo bibi kwa Kizulu, mzee kuliko wote na mdomo mkali kuliko wote. Yeye alivaa kofia mbili, akasema, "Hii mashine inanipulizia kama mkwe asiyenipenda." Na juu ya hapo akawa analia blanketi lake jekundu limepotea. Tukamtafutia kila mahali. Mimi nami nikamtafutia, Mungu anisamehe, kwa bidii kabisa, maana sikuwa nimetazama rangi ya lile nililolichukua kwenye mvua.

Sista akaita mtu wa duka. Kijana huyo alisimama mlangoni, akanyoosha mkono juu, akasema imekufa, nunueni nyingine. Hata uani hakwenda. Sista akakaa kwenye kiti, akashika kichwa. Kununua hakuweza, na Jumatatu alikuwa anakuja mama wa ofisi inayotoa vibali vya nyumba za wazee. Akikuta sebule ni baridi, wazee wale wanatawanywa, mmoja huku, mmoja kule. Gogo alikuwa amekaa pale miaka. Wazee ukiwatawanya wakati wa baridi, wengine huwapati tena.

Jumamosi asubuhi Fundi akafika. Nikashika mbwa.

Akasalimia wazee saba, mmoja mmoja. Chai. Dakika kumi. Sista hakukaa, alikuwa anahesabu kwa miguu. Uzi ukatoka kwenye koti, ukacheza. Shavu likawekwa.

"Iko inaanza vizuri," akasema. "Kisha inakata. Kisha baridi." Akageuka. "Nani aligusaka mashine?"

Sista akanitazama. Wazee wote wakanitazama, hata yule asiyeona vizuri.

"Hakuna!" nikasema.

Nilijibu upesi mno, na hakuna aliyekuwa amenitaja. Fundi akaniangalia kidogo, vile alivyoliangalia chujio la yule mama wa paka. Akachukua rimoti: alama ya jua, sawa. Akavuta chujio: safi, alilifua mwenyewe. Akafuta mikono.

"Bon," akasema, ndiyo haya kwa Kifaransa cha kwao, kisha akamwambia Sista kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, na mimi nikaelewa kila neno. "Ndani hakuna ugonjwa. Mchukuzi yuko nje. Yeye anaokota joto kwenye hewa. Kama hewa haimfikii, ataleta nini?"

Ndugu yangu, jasho lilinitoka kwenye sebule ile ile ambayo watu wamevaa kofia mbili. Siku hiyo ndiyo nilielewa somo. Nikasema naenda kumfunga mbwa, na mbwa ninaye mkononi. Nikakimbia uani, nikamtupa chini, nikaanza kufungua fundo. Limelowa, limekaza. Nikatumia meno.

Nimeinama hivyo, turubai mdomoni, nikaona viatu vya Fundi.

Hakuuliza. Alitoa kisu, akakata kamba mara moja, akalivua turubai, akalivua blanketi. Chini yake, wallahi, palikuwa na barafu. Barafu nyeupe imeganda kwenye mbavu za ile mashine, nene kama kwenye friji ya bucha. Durban, mji wa ndizi na jasho, mimi nimetengeneza barafu uani! Fundi akatazama barafu. Akatazama lile fundo. Akanitazama mimi. Kambwa kakawa kanamnusa kiatu na Fundi hakusogea, ndipo nikajua mambo ni makubwa.

Tukasikia ndara za Sista zinakuja, pa, pa, pa.

"Nyamaza," Fundi akaniambia chini chini.

Sista akakata kona. "Hawu! Nani kafanya hivi?"

"Miye, Sista," Fundi akasema.

"Wewe?"

"Ile mwezi nilipokuja kuosha. Mvua ilikuwa inakuja. Nikafunika. Nikasahau."

Sista akatazama lile turubai, akatazama lile rundo lililolowa chini, akalinyanyua kwa vidole viwili. Jekundu. "Na blanketi la Gogo pia ulichukua wewe?"

Hilo la blanketi Fundi alikuwa hajalijua. Mtu shemasi, mtu asiyekosea, anageuzwa mwizi wa blanketi la bibi kizee. Akafunga macho kidogo, akasema, "Ndiyo, Sista. Na blanketi."

Sista alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa hajacheka wiki nzima. "Eish, Fundi! Fundi asiyekosea! Umeivalisha blanketi kama mgonjwa wa malaria!" Fundi amesimama pale, kichwa chini, koti lake limening'inia nyuzi. Na mimi? Mimi nilisimama na turubai langu mkononi, sikufungua kinywa. Nasema kweli. Nilifikiria chumba changu, kitanda changu, nikanyamaza.

Nilipotaka kwenda kuchemsha maji tuyamwage juu ya barafu, Fundi alinikatalia, wala hakukubali niigonge na bisibisi. Aliizima mashine, tukaacha jua la mchana liyeyushe, maji yakatiririka mpaka kwenye mchicha wangu. Saa nane akawasha. Akakaa. Chai nyingine. Dakika ya saba Gogo alivua kofia ya kwanza. Dakika ya kumi akavua ya pili, akaikunja, akasema, "Mwizi, lakini anajua kazi." Jumatatu mama wa ofisi alikuja, akakaa sebuleni kidogo, akavua jaketi lake mwenyewe, akaandika alichoandika. Wazee saba wakabaki saba.

Lakini Fundi alilipa. Umbilo ni ndogo kwa habari ya kuchekesha. Kufika Jumatano saluni wanajua, duka la simu wanajua, kanisani wanajua. "Fundi, kesho baridi, usisahau kuivalisha soksi!" Na yeye, yule aliyekuwa akijisifu kwenye foleni ya mkate, akawa ananunua mkate wake kimya, anaondoka. Nilikuwa nikimchukia akijisifu. Sasa akinyamaza ndiyo nikaona vibaya zaidi.

Hakunitajia jambo lile hata mara moja. Wala kwa kunikebehi, wala tulipokuwa wawili kwenye drafti. Aliendelea kuniibia kete kama zamani, mimi nikaacha kumshika. Ndiyo malipo pekee niliyoweza kutoa, kushindwa.

Na jambo jingine nililiona, sijui kama yeye alilipanga, sidhani. Watu waliacha kumdanganya. Akiuliza nani aligusa, mtu anasema, "Fundi, nadhani ni mimi, nilibonyeza bonyeza." Maana mtu aliyeivalisha mashine blanketi atamcheka nani? Bwana wa Glenwood mwenyewe alimpokea mlangoni, rimoti mkononi, akasema, "Nimeikalia tena." Kazi ya saa mbili ikawa ya nusu saa, chai ndani yake.

Miaka miwili nilinyamaza. Nilijiambia habari imekwisha zeeka. Nilijiambia Sista atanifukuza na yeye Fundi hatafaidika chochote. Yote ni kweli na yote ni uoga.

Mwaka wa tisini na tisa Fundi akapata kazi kwenye kiwanda kimoja cha Pinetown, kuangalia mashine zao za baridi, kazi ya kudumu, akahamia huko. Jumapili kabla ya kuhama Sista akamwita chakula cha mchana. Wali, kuku wa mchuzi, maharage. Wazee wote mezani, Gogo kwenye kiti cha mwisho. Fundi akaingia, akazunguka kusalimia mmoja mmoja. Alipofika kwa Gogo, Gogo akasema kwa sauti, "Mwizi wa blanketi amefika. Ficheni mito!"

Meza nzima ikacheka. Fundi naye akacheka, lakini nilimjua sasa. Nilijua anavyocheka akiwa na furaha, mabega yanatikisika. Hayakutikisika.

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Nikasimama.

"Sista, ni mimi."

"Wewe nini, Baba?"

"Mashine. Ni mimi niliyeifunika. Blanketi nilichukua mimi, na turubai ni langu, la mitumba. Fundi hakugusa kitu. Alisema vile ili usinifukuze. Sasa kama ni kufunga mizigo, nitakwenda kufunga."

Sista akaweka kijiko chini polepole. Nikaanza kuhesabu moyoni vitu vyangu: sufuria, jiko, mkeka wa kusalia.

"Uongo!" Fundi akapiga meza, maharage yakaruka. "Usimusikie, Sista. Huyu Mtanzania ni muongo toka zamani!"

"Fundi, mbona..."

"Weye nyamaza! Kila mutu mu Durban iko na makosa yake, mengi, anachagua. Miye niko na moja. Moja! Minalibeba miaka mbili, minalizoea, watu wananipenda juu yake. Na leo minahama, unataka kuniibia?"

Sista akamtazama yeye, akanitazama mimi, tena yeye. Nilimwona anakumbuka: choo, tangi la maji, kengele. Alikuwa anajua. Yule mwanamke alijua sasa hivi, na pengine alijua siku zote, sijawahi kupata ujasiri wa kumwuliza.

"Gogo," akasema, "blanketi lilikuwa lako. Hukumu ni yako."

"Mimi ninachotaka ni paja la kuku," Gogo akasema. "Wagawane."

"Mmesikia," Sista akasema. "Kosa mgawane, nusu kwa nusu. Baba, kaa, chakula kinapoa."

Nikakaa. Lakini Fundi hakukaa. Alisimama pale na koti lake, ametazama dari, kama mtu anayepatana bei na hajaridhika.

"Nusu ni mingi," akasema mwisho. "Nitamupa robo."

Nikamwambia sawa, Fundi, robo. Akanipa mkono juu ya sahani za watu, na mabega yake yakaanza kutikisika.